Kidole cha Mtu si Mali ya Ofisi

Siku ya kuniaga mlikata keki, mkasema maneno mazuri ambayo mlipokuwa chini yangu hamkuwahi kuyasema, kisha mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu. Haya ndiyo. Vyeo nitaviruka, kwa sababu kila aliyepanda cheo pale ofisini amejieleza mwenyewe vya kutosha. Mshahara mnaujua. Nitaandika kuhusu vidole, maana nimeshika vidole vya watu wa Unguja hii umri wangu wote wa kazi, kuwachukulia alama za vitambulisho, na siku za mwisho niliona baadhi yenu mnaanza kuvishika kama vyenu. Hilo limenikera, na sioni sababu ya kulificha. Atakayekereka na mimi, tutakuwa sawa.

Nilianza kazi katika chumba kimoja Mji Mkongwe, dirisha lake likitazama ukuta wa nyumba ya pili, hata saa sita mchana tuliwasha taa. Mashine hazikuwepo. Tulikuwa na bamba la kioo, wino mweusi mzito, rola ndogo ya mpira, kadi ngumu, na ndoo ya maji ya sabuni yenye vipande vya ndimu, kwa sababu wino ule ulikuwa hautoki kwa sabuni peke yake. Mkubwa wangu alikuwa Maalim Faki, mtu wa Makunduchi, aliyewahi kusomesha skuli kabla ya kuja kwetu. Siku ya kwanza alininyoshea mikono yake miwili. "Chukua," akasema. Nikakamata kidole, nikakigandamiza kwa nguvu zangu zote, wino ukatapakaa kadi nzima.

"Mwanangu, hukamui ndimu," akaniambia. "Kidole huviringishwa, kutoka upande huu wa ukucha mpaka upande ule, mara moja, bila ya kurudi nyuma. Na mwenyewe mwambie aulegeze mkono, atazame pengine. Mtu akikitazama kidole chake hutaka kukusaidia, na akikusaidia amekuharibia."

Siku hiyo hiyo alinipa somo jengine, ambalo halimo katika kitabu chochote cha mafunzo nilichopewa baadaye. Kabla hujamgusa mtu, mwambie kidole chake kinakwenda wapi na kwa kazi gani. Nilimuuliza kwa nini tujisumbue, mbona wenyewe hawaulizi. "Hawaulizi kwa sababu wanakuheshimu," akasema. "Usiwaadhibu kwa heshima yao." Kisha akanituma nikanunue ndimu.

Mambo ya ufundi mengi mnayajua, lakini nitataja mawili matatu ambayo yakiwashinda nyinyi mnaishia kumlaumu mteja. Wanawake wanaolima mwani pwani ya mashariki vidole vyao vimelika kwa chumvi na kamba. Ngozi imekuwa laini, mistari haionekani. Msiwaambie warudi kesho, kesho watakuwa wamekwenda tena mwanini. Wape maji ya vuguvugu waloweke, wafute, kisha tia mafuta ya nazi kidogo sana, uchukue polepole. Wachoma chokaa ni hivyo hivyo, ila wao waanze na mafuta. Bi harusi mwenye piko, ile rangi nyeusi ya urembo, mpaka ncha za vidole mwacheni akale fungate yake, arudi likishafifia. Niliwahi kumwona mmoja wenu akimsugua bi harusi vidole kwa spiriti. Mama yake alikuwepo, na maneno aliyoyasema yule mama nilikubaliana nayo yote.

Kisha zikaja mashine. Kioo kidogo, taa ya kijani, hakuna wino, hakuna ndimu. Mtaalamu aliyetufundisha alituhakikishia kwamba haikosei, na mtu wa kwanza kukataliwa akawa yeye. Sikuichukia mashine. Ilikuwa safi na ilikuwa haraka, na wazee walifurahi kurudi nyumbani na vidole vyeupe. Lakini zamani kadi ilikaa kabatini na ufunguo alikuwa nao Maalim Faki. Aliyeitaka ilimlazimu apande ngazi, aseme jina lake na shida yake, na Maalim amtazame usoni. Kwenye mashine kidole cha mtu kinasafiri na hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi.

Ndipo simu zilipoanza. "Dada, hebu niangalizie kidole hiki ni cha nani." "Bi Zuwena, mambo madogo tu, nnataka kujua kijana fulani anakaa wapi." Mwengine alikuwa askari kweli, na kesi ilikuwa ya kweli. Mwengine alikuwa rafiki wa rafiki, anamtafuta dereva aliyemkwaruzia gari. Jawabu langu lilikuwa moja kwa wote: lete amri ya mahakama. Yule askari wa kweli aliileta, nikamsaidia siku ile ile. Huyu wa gari mpaka leo hanisalimii. Mkanipa jina la Bi Amri, mkidhani silijui. Nalijua, na nililipenda.

Sasa nifike Michenzani, maana najua ndiko mnakokutaka.

Iliundwa kamati ya kuhakiki wakaazi wa baadhi ya nyumba za maendeleo, yale majumba marefu ya serikali. Ilisemekana wapo watu waliojipachika kwenye fleti zisizo zao, na huenda ni kweli, Mungu ndiye ajuaye. Tangazo likatoka: kila mkuu wa nyumba atoe vidole vyote kumi na picha ya uso. Asiyetoa hadi zoezi limalizike atahesabiwa hana haki, na mlango wake utafungwa kwa mnyororo. Ofisi yetu iliombwa iwaazime mashine na vijana wa kuzitumia. Mimi sikutumwa. Siku za mwanzo watu walipanga mstari uwanjani chini ya jengo, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakatoa. Watu wetu ni wapole, ukiwawekea kiti na meza wanatoa.

Niliitwa karibu na mwisho wa zoezi, kwa ajili ya mtu mmoja. Bi Mwanaidi wa ghorofa ya tatu alikuwa amefiwa na mumewe, Mzee Kombo, na alikuwa ndani, anakaa eda. Mnaojua mnajua: miezi minne na siku kumi, mjane hatoki wala hajionyeshi kwa mwanamme wa kando. Fleti ilikuwa kwa jina la marehemu. Pahala pengine pa kukaa Bi Mwanaidi hakuwa napo, wala mtoto wa kumwendea. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Mudrik, alijiona mwema sana kuniita mimi mwanamke nipande na mashine. "Tunaheshimu mila, Bi Zuwena," akaniambia. "Tusingependa kumtoa bibi wa watu ndani."

Nikapanda. Jirani akanifungulia. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa nyeupe tupu, hana hata kipini puani. Nikampa mkono wa tanzia, nikakaa.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba mwanangu. Nshaambiwa utakuja. Hicho kidude ndicho?"

"Ndicho."

"Kitambulisho nnacho, na vidole nshatoa, tena kwenu nyinyi. Hivi vya leo vya nini?"

Hapo nikafungua mdomo nimweleze, kama nilivyowaeleza watu maelfu, nikaona sina la kusema. Nikamwambia wanataka kujua nani anakaa humu.

"Hilo nalo la kuulizia vidole?" akasema. "Sheha wa mtaa anajua. Jirani zangu wanajua. Jeneza la mume wangu limeshuka kwa ngazi hizo hizo ulizopandia, mtaa mzima umelibeba. Asiyejua nani?"

"Ndivyo walivyoagiza, Bi Mwanaidi."

"Na nisipotoa?"

"Wanasema watafunga mlango."

"Na mimi nikiwa ndani?"

Akajivuta karibu, akakitazama kile kioo bila ya kukigusa. "Miye nimekaa humu nnajihifadhi," akasema. "Hata muuza maji namsemesha kwa nyuma ya mlango. Sasa weye uvichukue vidole vyangu na uso wangu uvitie kwenye kisanduku, wanaume nisiowajua wanitazame siku watakayo, mpaka nife, na baada ya kufa. Hebu niambie, kitu gani kimehifadhika hapo?"

Nimesoma sheria iliyounda kazi yetu mara nyingi. Nimehudhuria semina za faragha zenye chai na sambusa. Lakini sikuwahi kuisikia faragha ikisemwa vizuri kuliko alivyoisema yule mama kwenye mkeka wake. Nikaona hasira zinanipanda, si kwake. Nilikuwa nimetumwa kuifanya dhulma iwe na adabu, iende mpaka mlangoni kwa mtu ili isimsumbue. Nikaifunga mashine. "Bi Mwanaidi," nikamwambia, "mimi sikuchukui vidole."

Chini Bwana Mudrik alikuwa amekaa mezani na makarani wake, na baadhi ya wakaazi wakipunga upepo pale uwanjani.

"Ameshatoa?"

"Hajatoa. Na sitamchukua. Nionyeshe sheria."

Akanipa karatasi. Nikaisoma, nikamrudishia. "Hii ni barua, Bwana Mudrik. Mimi naomba sheria."

"Hii imetoka juu, Bi Zuwena."

"Sawa, huko juu ilikotoka kuna kifungu gani?"

"Mambo ya vifungu tuwaachie wanasheria."

"Haya, mlete mmoja."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na mimi pia sikucheka. Nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: vidole vilivyotolewa ofisini kwetu vilitolewa kwa kitambulisho, na sheria iliyoturuhusu kuvichukua imetaja kazi yake. Kazi hii haimo. Serikali ikitaka alama ya mwili wa mtu, na ikamtisha kwa kumfungia nyumba asipoitoa, lazima iwe na sheria iliyotungwa na wawakilishi, au amri ya hakimu. Barua ni barua, hata ikiwa na mihuri minne.

"Unamponza bibi wa watu," Bwana Mudrik akasema kwa upole, na upole ule ulinikera zaidi. "Ijumaa tunafunga."

Hapo akainuka Bi Tatu, anayeuza maandazi chini ya jengo. Alikuwa mtu wa kwanza kabisa kutoa vidole siku ya mwanzo. "Ngoja kwanza," akasema. "Kumbe haikuwa lazima? Basi nirudishieni vyangu." Akavuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya karani, akanyosha mikono yote miwili, unga bado umo kwenye kucha. Karani akamtazama Bwana Mudrik. Nyuma ya Bi Tatu akasimama mwengine, na nyuma yake mwengine, wakaitana madirishani, mpaka mstari ukaufikia mti wa mwisho wa uwanja. Wale wale waliotoa kimya kimya sasa wanapiga kelele wanataka vyao. Karani maskini alikuwa akiibonyeza bonyeza mashine. Ina kitufe cha kuchukua. Cha kurudisha hawakukitia.

Nami nilifanywa nini? Kesho yake niliitwa nijieleze. Nikaandika mstari mmoja, kwamba nasubiri kuonyeshwa kifungu. Nikahamishiwa stoo, kwenye kadi za zamani za wino, nikazipanga upya, na nikaikuta kadi ya Maalim Faki mwenyewe, vidole vyake vimeviringishwa vizuri kama alivyofundisha. Stoo hakuna simu. Sijawahi kupumzika kazini kama mwezi ule.

Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja, na mlango wa Bi Mwanaidi usingeweza kusubiri stoo kama mimi. Nilimwendea Wakili Thuwaiba, binti aliyesoma sheria chuo kikuu Tunguu, ambaye zamani alikuja ofisini kwetu mara moja kuomba kidole cha mteja wake nikamfukuza arudi na amri. Alirudi nayo, ndiyo maana nilimwamini. Alinisikiliza, akauliza maswali, akaandika. Bi Mwanaidi alikula kiapo chake nyumbani, juu ya mkeka, mbele ya kamishna wa viapo mwanamke, bila ya kuvunja eda. Ombi likapelekwa mahakamani Vuga, na Thuwaiba akaomba zuio la haraka, kazi ya kufunga milango isimame mpaka kesi isikilizwe.

Ijumaa alasiri zuio lilikuwa bado halijatoka. Watu wa mnyororo wakafika. Wakakuta ngazi zimejaa wanawake. Bi Tatu na jirani zake walikuwa wameamua kumsomea khitma, Kurani nzima, marehemu Mzee Kombo siku hiyo, na kwa kuwa fleti ya mjane ni ndogo, walikuwa wamekaa ngazini, kuanzia mlangoni mpaka chini, kila mmoja na juzuu yake mkononi. Hakuna sheria inayokataza khitma ngazini. Niliitafuta.

Wale vijana wakauweka mnyororo wao chini. Kumruka mwanamke anayesoma Kurani ya maiti, huyo kijana wa Unguja atakayefanya hivyo hajazaliwa. Bwana Mudrik akaja mwenyewe, akasimama hatua ya chini kabisa, akatazama juu. Akataka kusema, Bi Tatu akainua kidole kumwonyesha anyamaze, aya haijakatika. Walisoma taratibu sana, na mimi sijawahi kusikia khitma ndefu namna ile. Ilipofika dua Bwana Mudrik aliinua mikono akaitikia amin pamoja nao, maana na yeye ni mtoto wa watu. Walipokuwa wanagawa halua na kahawa, naye akapewa chake, ndipo alipotokea Wakili Thuwaiba, baibui limejaa vumbi, na zuio mkononi. Akampa. Bwana Mudrik akalisoma akiwa ameshika kikombe, akasema, "Sawa," akaondoka na watu wake.

Kesi yenyewe haikuwa na vituko. Nilitoa ushahidi. Wakili wa serikali, kijana mwenye adabu, aliniuliza: "Bi Zuwena, si kidole tu? Asiye na kosa ana hofu gani?" Nikamwambia Bi Mwanaidi hakuwa na kosa lolote, alikuwa na mlango. Nikamwambia ufunguo wake yeye wakili ukiibiwa atabadilisha kitasa, na namba yake ya siri ikijulikana atatunga nyengine. Kidole atakibadilisha na nini? Akaniambia hana maswali zaidi. Jaji alimuuliza zoezi lina sheria gani, naye akaeleza faida zake, moja baada ya moja, na nyengine zilikuwa faida kweli. Jaji akamsikiliza hadi mwisho. "Nimezisikia faida," akasema. "Nilichouliza ni sheria."

Hukumu ilipotoka ilisema tulichokuwa tunasema uwanjani, kwa maneno marefu zaidi. Hakuna sheria iliyoipa kamati uwezo wa kuchukua alama za mwili wa mtu. Zilizochukuliwa zifutwe, na zifutwe mbele ya wawakilishi wa wakaazi. Ukaazi uthibitishwe kwa njia za kawaida, kwa sheha na majirani na karatasi za nyumba. Na Bi Mwanaidi abaki kwake. Nilitolewa stoo nikafanye ile kazi ya kufuta, kwa sababu hakuna mwengine aliyeitaka. Bi Tatu alikaa pembeni yangu, na kila jina lilipofutika alisema, "Alhamdulillahi, mwengine."

Nyinyi mnaobaki, mtaletewa kubwa kuliko hilo. Mtaletewa mashine ya macho, ya sauti, ya mwendo wa mtu akitembea Darajani. Mtaambiwa ni kwa usalama, au kwa huduma, au kwamba wenzetu wote duniani wanafanya. Huenda ni kweli. Ulizeni sheria. Ulizeni vitakaa muda gani, na nani atavigusa, na nani atavifuta. Mkihamishiwa stoo, nendeni stoo, kuna upepo mzuri. Lakini msipande ngazi na mashine mkononi kwa sababu tu mnapanda kwa adabu.

Bi Mwanaidi alipotoka eda nilikwenda kumwona. Alikuwa amevaa kanga mpya nyekundu, kipini kimerudi puani, anapepeta mchele. Tukiwa tumekaa, hodi ikabishwa. Alikuwa tarishi wa mahakama, mwanamme wa makamo, amebeba nakala ya hukumu. Bi Mwanaidi akampokea mlangoni, ungo bado mkononi. Yule tarishi akatoa daftari lake la kuthibitisha mapokezi, kisha akatia mkono mfukoni akatoa kidau cha wino, akakifungua, akakiweka mbele yake.

"Bibi, tia dole gumba hapa," akasema. "Ushahidi tu kwamba umeipokea."

Bi Mwanaidi akakitazama kile kidau. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari, maana nilikuwa karibu kupasuka kwa kicheko. Akakifunika kile kidau taratibu, akamrudishia mwenyewe.

"Nipe kalamu," akasema.

Akapewa. Akalaza daftari juu ya ungo, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofunzwa wasichana wa chuo cha Kurani zama zake, kutoka kulia kwenda kushoto, jina lake na la baba yake na la babu yake, bila ya haraka. Tarishi akaligeuza daftari huku na huku.

"Bibi, mie hii sijui kuisoma."

"Si neno, mwanangu," akasema Bi Mwanaidi. "Ni yangu." Akachukua hukumu yake, akafunga mlango.